Kabla ya Kukodi Boti, Hesabu Mwezi

Likizo ikikaribia, simu zinazopigwa Tanga na Pangani kutoka Dar es Salaam, Moshi na Arusha huwa na swali moja: boti shilingi ngapi? Tarehe imeshapangwa, ruhusa kazini imeshaombwa, na watu kwenye kundi la WhatsApp wameshachanga. Kilichobaki ni bei. Kisha wanafika Ushongo saa nne asubuhi na mishipi yao mipya, wanakuta bahari imekimbilia mbali, boti imelala ubavu mchangani, na nahodha ameketi chini ya mnazi anasubiri maji. Hana haraka. Angeulizwa tarehe kabla ya bei, angewaambia mapema kwamba siku hiyo ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa mno.

Kupanga safari ya uvuvi katika mwambao huu, kuanzia visiwa vilivyo mbele ya jiji la Tanga, kupitia Kigombe na Pangani, hadi Ushongo na Kipumbwi, kunatatiza kwa sababu mambo mengi huja kwa mkupuo: maji, upepo, chambo, vibali, mafuta, nahodha. Lakini hayana uzito sawa. Mwezi na upepo ndivyo vinavyoamua, mengine yanafuata. Ugumu uko hapa: mwezi una kalenda yake, upepo una yake, na hakuna hata moja inayojali kalenda ya ofisini.

Maji

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Hilo wengi wanalijua. Wasilolipigia hesabu ni kiasi cha maji yanayotembea. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari katika mstari mmoja, tukapata bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Tanga hupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja kinavuta upande wake, tukapata maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi kama mita moja.

Tena maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Chukua siku ya bamvua yenye tofauti ya mita 3.6. Katika saa ya kwanza baada ya kujaa, maji yanashuka kama sentimita 30, unaweza hata usitambue. Saa ya pili, 60. Saa ya tatu na ya nne, 90 kila moja. Halafu 60, halafu 30. Yaani nusu ya maji yote inaondoka katika saa mbili za katikati. Hapo ndipo mkondo unapopita kwa nguvu kati ya miamba: chubwi, kile kizito cha mshipi, haligusi chini, mshipi unalala upande, na ndoana zinaishia kwenye matumbawe. Siku ya maji mafu yenye tofauti ya mita 1.2, saa hiyohiyo ya tatu maji hushuka sentimita 30 tu. Mshipi unasimama wima, na changu au chewa akigusa chambo unamsikia kidoleni.

Kwa hiyo anayetupa mshipi wa chini hupenda maji mafu, na akina mama wanaochokoa pweza hupenda bamvua kwa sababu ndilo linaloanika mwamba wote. Anayesema "bahari ilikuwa mbaya" mara nyingi alikwenda wiki ya pweza na vifaa vya changu.

Kuhusu saa, pwani hii ina kawaida inayokaa kichwani bila kuandikwa. Siku za bamvua maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume chake: yanajaa saa nne kwenda saa tano, yanapwa saa kumi kwenda saa kumi na moja. Ukijua tarehe ya mwezi mwandamo, inayohesabiwa tangu mwezi uandame, umeshapata nusu ya mpango. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua. Tarehe 8 na 9, na 22 na 23, ni maji mafu. Dakika kamili utazipata kwenye jedwali la maji au programu ya simu, ila wiki unaichagua kwa kuhesabu vidole.

Sasa angalia sikukuu, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Haikai mbali na mwezi mpevu hata siku moja zaidi ya wiki, na mara nyingine inaangukia bamvua lenyewe. Juu ya hapo iko kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili, masika yakiwa yameshaingia. Idi ya Mfunguo Mosi ni tarehe 1, mwezi umeandama tu: bamvua bila ubishi. Ni siku nzuri ya kutembea mwambani asubuhi na watoto, siyo ya kutafuta chewa. Idi ya Kuchinja ni tarehe 10, maji madogo ndiyo kwanza yanaanza kukua tena. Kama ofisi inakupa sikukuu mbili tu za kwenda baharini, chukua hiyo.

Kiza

Kuna jambo lingine la mwezi lisilohusu maji. Wavuvi wa dagaa na vibua hutoka usiku na taa, na taa inavuta samaki kukiwa na kiza. Mbalamwezi ikitanda, samaki hawakusanyiki, na vyombo vingi vya taa hupumzika. Siku hizo ukifika soko la Deep Sea pale Tanga asubuhi kutafuta chambo kibichi, utapata kidogo na kwa bei ya kukera, au utauziwa kilicholala siku mbili.

Unganisha sasa. Unataka maji mafu ili mshipi usimame, na unataka kiza ili chambo kiwepo. Maji mafu yako mara mbili kwa mwezi, lakini hayafanani. Tarehe 8, mwezi uko juu tangu jioni na unatua kama usiku wa manane, kwa hiyo kiza ni cha alfajiri. Chambo kinafika nchi kavu wakati wewe ulitakiwa uwe umeshatoka. Tarehe 22 na 23, mwezi unachomoza usiku wa manane, na jioni yote kabla ya hapo ni giza totoro. Wenye taa wanavua mapema, chambo kinakungoja. Ningepewa siku tatu tu za kuvua katika mwezi mzima, ningechukua 22, 23 na 24, na nisingeuliza ni Jumatatu au Jumamosi.

Ijumaa tu ndiyo ningeiuliza. Vijiji vingi vya huku wavuvi hawatoki siku hiyo, au wanatoka baada ya sala. Usimlazimishe mtu kwa kumwongezea hela.

Upepo

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Masika yanafuata, kisha kusi linashika kuanzia Mei na kuwa kali zaidi Juni na Julai. Likianza kulegea Agosti na Septemba tunaingia kwenye tanga mbili, wakati ambapo chombo kinaweza kwenda huku na kurudi bila kugombana na pepo. Oktoba na Novemba, kabla kaskazi halijakaa sawasawa, ndiyo miezi ambayo mgeni asiyezoea bahari atarudi akiwa bado anaipenda. Kuna dirisha jingine dogo Februari kwenda mwanzo wa Machi.

Samaki nao wana misimu yao. Katika mkondo wa Pemba, ule mfereji kati ya Tanga na kisiwa cha Pemba wenye kina kinachofika mita 800 hivi, jodari hupita kwa wingi kusi linapolegea, Agosti hadi Oktoba. Nduwaro na sulisuli ni wa kaskazi. Nguru na kolekole unaweza kuwarambaza, yaani kuwavua kwa kukokota mshipi nyuma ya chombo, ukingoni mwa mwamba muda mrefu wa mwaka. Masika, mto Pangani hushuka na udongo na magogo, maji ya karibu na mlango wake yanakuwa kama chai ya maziwa, na mshipi utaoga bure.

Lakini kabla ya msimu kuna siku, na siku ina pepo zake. Alfajiri unavuma umande kutoka nchi kavu, upepo mdogo, baridi kidogo, bahari imelala. Jua likipanda, bara inapata joto, upepo unageuka na kutoka baharini. Kuanzia saa tano au saa sita unaanza kujenga mawimbi. Mwenye ngalawa hutoka na umande ukimsukuma nje, hurudi na upepo wa bahari ukimsukuma nyumbani. Hata ukiwa na injini, ratiba ni hiyohiyo, kwa sababu saa nane mchana boti ndogo inarudi kwa kupigwapigwa.

Hebu tuweke maji na upepo pamoja, Ushongo, mwezi wa Oktoba, tarehe 23 ya mwezi mwandamo. Maji yalipwa alfajiri, lakini ni maji mafu, hayakwenda mbali; saa kumi na mbili boti inaelea. Mnatoka na umande. Maji yanajaa taratibu mpaka saa nne au saa tano, na wakati wa kusimama, kabla hayajageuka, ndipo samaki wa mwambani hula vizuri. Upepo wa bahari ukianza mnavuta nanga, saa saba mko pwani na maji bado yanatosha kuingia. Fanya safari hiyohiyo siku ya bamvua. Saa kumi na mbili maji yanakimbia kwenda nje. Kuanzia saa tatu hivi ufuo umekauka na hamwezi kurudi hata mtu akichafukwa vipi. Mnakaa nje mpaka saa saba au saa nane, upepo umeshapanda. Inawezekana, wavuvi wanafanya kila mwezi. Shida ni kuifanya bila kujua.

Mlango wa mto Pangani unahitaji onyo lake. Maji ya bamvua yanapotoka mtoni kwa kasi na kukutana na mawimbi ya kusi yanayoingia, mawimbi hufupika na kusimama kama kuta juu ya fungu la mchanga. Dakika kumi nje ya hapo bahari ni ya kawaida kabisa. Pita maji yakiwa yanajaa, au yamejaa. Nahodha anayekwambia tungoje nusu saa hakuibii muda.

Halafu kuna mkondo wa bahari kuu. Katika mwambao wetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaongeza nguvu. Chombo kilichozimika injini nje ya miamba ya Tanga hakielei kuelekea Pangani; kinaelekea Kenya. Kwa hiyo kama mna siku moja tu na injini moja, mkatafute samaki upande wa kusini wa mahali mlipotoka, ili mkondo uwe upande wenu mambo yakiharibika.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari, na inapotabiri upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili hutoa tahadhari. Hiyo siyo siku ya boti ya futi 20. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, vyombo vilitangaziwa kukaa. Waliokuwa wamelipia safari walinuna, na ni haki yao, lakini fedha ya boti huwa inarudishika. Kubaliana mapema kwamba tahadhari ikitolewa safari inaahirishwa bila kukatwa kitu.

Pale pasipovuliwa

Wengi wanaopanga safari ya Pangani wana picha moja kichwani: Maziwe, ule mchanga mweupe katikati ya bahari. Wanataka kushinda pale na kuvua. Kushinda sawa, kuvua hapana. Maziwe ni eneo tengefu tangu mwaka 1975, na samaki wake ni wa kutazamwa. Wakati huo kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikuwa wakitaga pale kwa wingi. Miti ikaisha, mawimbi yakaumega mchanga usioshikwa na mizizi, na leo maji yakijaa kisiwa hakipo kabisa. Kasa bado wanakuja. Watu wa Ushongo huhamisha mayai kwenda ufukweni kwao yasizame. Kwa Maziwe, tofauti na uvuvi, unataka maji yapwe mchana, kwa hiyo siku za bamvua ndizo zenyewe. Lipeni ada ya kuingia, mtunze risiti.

Kuanzia Tanga kwenda kusini hadi mlango wa mto Pangani iko Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 552. Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka zamani za kale, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka ya 2000 wavuvi wa Kigombe na jirani zake wakawa wanamtoa kwenye nyavu za jarife walizotega maji ya kina, na serikali ikaamua kulilinda eneo. Ndani ya hifadhi hii uvuvi haujafungwa wote, ila kuna kanuni za wapi na kwa kifaa gani. Visiwa vya Ulenge, Kwale, Mwewe na Kirui navyo ni maeneo tengefu. Usijifanye unajua mipaka kwa macho. Baharini hakuna uzio.

Anayejua mipaka ni kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha kijiji, kile ambacho kila mtu dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, anakiita BMU. Nenda kwa mwenyekiti wao siku moja kabla, msalimie, mweleze mnakwenda wapi na kwa chombo cha nani. Atakuambia pia kama leseni ya chombo iko hai, jambo ambalo mwenye boti huenda asikuambie. Kuvua kunahitaji leseni, na anayeitoa ni afisa uvuvi wa halmashauri, Tanga au Pangani; mkitaka kwenda mbali, zaidi ya maili 12 za bahari, hapo mmeshaingia bahari kuu, na mamlaka yake ni nyingine. Kasa na nguva hawaguswi popote. Na kama dikoni mtauziwa samaki wa chambo mwenye nyama iliyolegea kama tope na uti wa mgongo uliovunjika, huyo kafa kwa baruti. Mrudisheni. Tanga iliteswa mno na baruti, na miamba mingine haijapona mpaka leo.

Chombo na mwenye chombo

Hapa sasa ndipo bei inapokuja. Ngalawa ni tamu kwa watu wawili watatu wanaovua ndani ya mwamba. Kwa kurambaza nguru nje mnahitaji boti ya faiba yenye injini. Ukiwa na hela ya kuchagua, chagua injini mbili ndogo kuliko moja kubwa.

Mafuta yapigieni hesabu ya theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Injini ya nguvu farasi 40 ikikabwa inakula kama lita 15 kwa saa. Mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi ni lita 30. Kurambaza polepole asubuhi nzima, weka 15. Hizo 45 ni theluthi mbili. Chukueni 70. Angalia mwenyewe plagi za akiba, pini ya panga boi, kamba ndefu ya nanga, kata ya kukumbia maji, na jaketi okozi moja kwa kila kichwa, zilizoko ndani ya boti na siyo "zipo nyumbani". Redio ya baharini iwe kwenye chaneli 16. Simu ni nyongeza tu.

Nahodha mwenyewe utampima kwa swali moja. "Shikamoo mzee. Siku ile tunarudi na maji gani?" Akisema, "Yatakuwa yameanza kupwa, lakini tutaingia, tukichelewa zaidi ya saa nane tutapitia kule mlangoni," huyo ameshaisafiri safari kichwani. Akisema, "Msijali, twendeni tu," mshukuru na utafute mwingine. Sijali ana bei nzuri kiasi gani.

Na semeni kabla ya kupandisha nanga samaki ni wa nani. Kwa desturi ya huku mapato yana mafungu: la chombo, la injini, la wavuvi. Mgeni amelipa siku nzima, anadhani kila kitu ni chake. Mabaharia wamechambika ndoana tangu alfajiri, wanadhani wana fungu lao. Ugomvi wote wa dikoni unaanzia hapo. Mpango unaofanya kazi: wageni wachukue wa kula usiku na wa kujaza boksi moja, wanaobaki waende mnadani kwa jina la chombo. Boksi hilo liwe na barafu kilo kwa kilo, kilo moja ya samaki kwa kilo moja ya barafu, na samaki watumbuliwe kabla ya kulazwa. Mkinasa samaki aitwaye taa, kateni mshipi, msishindane na mwiba wake. Aliyechomwa atumbukize mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kisha apelekwe hospitali. Na bunju akivimba ndoanani, hata mtu akiapa kwamba bibi yake anajua kumpika, mrudisheni baharini.